Mwanamke Aliyepoza Giaboksi

Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa amelala chali juu ya katoni, chini ya gari lake, akifuta vumbi kwenye giaboksi. Gari lilikuwa otomatiki, kuukuu lakini halina makuu. Ila rejeta ndogo ya kupoza oili ya giaboksi ilifunguliwa ikafungwa kwenye gari la mkurugenzi wa hospitali, lililokuwa likichemsha kila likivuta trela la matofali ya nyumba yake. Oili hiyo ikizidi moto huungua, gia zikateleza, gari likagoma. Na hospitali iko juu ya mlima.

Basi yule mama dereva akawa anaipoza mwenyewe. Alivua kiatu cha kushoto, akakanyaga sakafu juu ya giaboksi, na joto likapanda mguuni hadi kifuani. Fundi alipopima oili akasema, "Iko sawa," akaendelea na shughuli zake.

Wala hakutegemea mguu tu. Mlimani aliingiza gia nzito mapema, hakukanyaga mafuta ovyo, na kwenye foleni aliweka nyutro oili ipumue. Jamani, mama yule alijua kuendesha! Jioni alitia miguu kwenye beseni la maji, joto likamtoka, akalala.

Siku moja mgonjwa alikuwa binti yake mwenyewe. Uchungu umemshika, mtoto amekaa vibaya, na lori limekwama katikati ya mlima. Magari yalisogea hatua, yakasimama.

"Mama, tutafika kweli?" nesi aliuliza kutoka nyuma.

"Tutafika. Mwambie mwanangu asisukume kwanza."

Akavua na kiatu cha pili. Vifungo vya shati lake vikaanza kulainika kwa joto. Nesi akafungua dirisha, akaendelea kumshika mgonjwa mkono. Gari lilipanda bila kuteleza gia hata mara moja, na mtoto akazaliwa kwa upasuaji, mzima, anapiga kelele.

Jioni hiyo maji ya beseni yalichemka. Yakaletwa mengine, nayo yakachemka.

"Mama, njoo umpakate mjukuu wako," binti alimwita.

"Nitamuunguza, mwanangu. Mnyanyue nimwone."

Akamtazama kutoka mlangoni, machozi yakimkauka kabla ya kufika shavuni.

Mkurugenzi alikuja kumpongeza. "Hongera sana, mama. Wewe ni hazina yetu."

"Bosi, na ile rejeta?" fundi akauliza.

"Ya nini tena, na mama yupo?" Akaagiza rejeta ya gari la pili la wagonjwa ifungwe kwenye gari la mkewe, na gari hilo nalo akabidhiwe mama.

Ilichukua siku nyingi mwili wake kupoa. Hatimaye binti akamgusa kiganja, akakikuta kimepoa, akacheka kwa furaha. Mama akaketi kitandani, akanyoosha mikono. Mtoto alikuwa ameshaanza kushushwa mapajani pake simu ilipolia: kuna mgonjwa bondeni, hali mbaya.

"Mrudishe kwako, mwanangu," akasema, akachukua funguo za magari yote mawili.