Ugali wa Msiba wa Mama

Mama yangu alifariki kwenye blogu yangu siku ya Jumanne asubuhi, wakati mimi na yeye tuko Idodi, uwanjani kwake, tunachuja asali. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanipa pole. Pole zimeshatolewa, zimepikwa na zimeliwa. Aliyezisababisha hana haya hata chembe, mpaka leo ananiambia nakuza mambo.

Ni kaka yangu Didas, tumbo moja, ziwa moja.

Blogu inaitwa Mzinga wa Evarista. Evarista ndiye mama. Yeye anafuga nyuki Idodi, mimi naishi Mbeya, mtaa wa Soweto, nauza asali yake mtandaoni. Wauza asali wa mtandaoni siku hizi ni wengi kuliko nyuki wenyewe, na kila mmoja asali yake ni halisi, ni ya msitu mnene, inatibu kila kitu kuanzia kikohozi hadi ndoa. Mimi sikuanza kwa kusifu. Msimu wa kwanza mama alirina masega ambayo hayajakomaa, asali ikachacha, nami nikaandika hivyohivyo: asali hii imechacha, msinunue, subirini nyingine. Didas alinicheka mpaka akakaa chini. Lakini watu walisubiri.

Halafu ikaja baridi ya mwezi wa sita. Baridi ya Mbeya inagandisha asali, na mtu wa Mbeya akiona asali imeganda hukumu yake ni moja: sukari hiyo. Hetal, mwenye duka la vitambaa pale Uhindini, ambaye sote tunamwita Mama Prachi kwa jina la binti yake, aliandika chini ya chapisho langu kwamba mimi ni mwizi na nimezaliwa na wezi. Sikufuta. Nilibeba beseni na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, nikaenda dukani kwake, tukaitumbukiza ile asali mbele ya wateja wake, tukasubiri. Ilipolainika yote bila kuacha chenga chini, alionja, akaniangalia.

"Haya, andika," akasema. "Na matusi yangu yaandike yote, usiyapunguze."

Niliandika. Nadhani ndiyo siku watu walipoanza kuniamini, siyo kwa sababu nilishinda, ila kwa sababu niliyaacha yale matusi pale.

Na alikuwepo Mwalimu Faustina wa Mwanjelwa. Huyu alikuwa ananunua chupa moja moja, lakini alisoma kila neno. Mama yake alipofariki, aliniandikia kwamba akisoma habari za mama yangu, alivyoumwa na nyuki kwenye kope, alivyogombana na kuku, anajiona bado ana mama mahali. Tangu hapo nikawa namwandika mama kwa adabu zaidi. Nilijua kuna mtu anamhitaji.

Sasa Didas. Kazi yake ilikuwa kupeleka mizigo stendi na kujibu oda. Kisha akahudhuria semina kwenye ukumbi wa hoteli, bwana mmoja aliyevaa suti akawafundisha kwamba watu hawanunui bidhaa, wananunua hisia. Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Kwake machapisho yangu yakawa ya kizembe, hayana machozi, hayana "stori". Nilimwacha apige kelele. Msimu wa kurina ulipofika nikafunga safari kwenda Idodi, na kwa kuwa kwa mama intaneti haishiki, nilimwachia paswedi ya blogu. Kujibu oda, nilimwambia. Kujibu oda tu, Didas.

Alhamisi mchana gari aina ya Noah likaingia uwanjani kwa mama.

Nilikuwa nakamua masega, mikono imenata hadi kwenye viwiko. Simu yangu ilikuwa imekufa chaji tangu juzi na sikuwa na shida nayo. Mlango wa gari ukafunguliwa, akashuka Mama Prachi, amevaa nguo nyeupe tupu kama wavaavyo kwao kwenye msiba. Nyuma yake akashuka Mwalimu Faustina, khanga kiunoni, khanga kichwani, macho mekundu. Aliponiona akapiga yowe. Alinikumbatia na asali yangu yote, akalia begani kwangu, "Jamani mama yetu, jamani mama yetu." Dereva akaanza kushusha: mfuko wa unga, sukari, gunia la viazi walivyonunua Nyololo njiani.

Nilidhani aliyekufa ni Didas. Mungu anisamehe, nilianza hata kumlilia.

Mama akatokea nyuma ya nyumba, amevaa koti kuukuu la kurinia, kofia ya wavu imesukumwa kisogoni, mkononi ameshika kifukizio kinachotoa moshi.

"Kamwene," akawasalimia Kihehe, kama anavyomsalimia kila mtu. "Karibuni. Mbona mnalia, nani amekufa?"

Mwalimu Faustina aliniachia, mdomo wazi. Mama Prachi alikaa juu ya gunia la viazi. Dereva, aliyekuwa na mfuko wa unga kichwani, akabaki nao hapohapo.

"Wewe," Mama Prachi akasema mwishowe, akimnyooshea mama kidole. "Wewe ndiyo umekufa."

Walinieleza kwa zamu. Walikuwa wamesoma kwenye blogu. Walinipigia, sipatikani, wakasema ndivyo msiba ulivyo. Wakakodi gari, wakalala Iringa mjini, asubuhi wakashika njia ya Ruaha. Nani aliwaelekeza nyumba? Hakuna. Niliwaelekeza mimi, kwa miaka yote ya kuandika: ukipita gulio, upande wa kulia, nyumba yenye mlango wa bluu na mwembe uliokatwa tawi moja. Sikuwahi kuandika uongo juu ya ule mlango, na ndiyo maana waliupata bila kuuliza mtu.

Mama aliosha mikono taratibu. Akachukua ule mfuko wa unga kutoka kwa dereva.

"Waliokuja msibani hawaondoki na njaa," akasema. "Apolonia, washa moto."

Tukapika. Mama alisonga mwenyewe, kwa nguvu, mwiko ukigonga sufuria hadi kuku wakakimbia. Alikaa mkekani katikati ya wageni wake, akamega tonge la unga ulioletwa kumzikia, akatafuna.

"Ugali wa msiba wangu huu," akasema. "Hauna kasoro."

Mama Prachi akaanza kucheka, kicheko kile cha kutetemesha mabega, na dereva naye akacheka. Mwalimu Faustina hakucheka. Alikuwa hajagusa chakula. Mama alimwona.

"Mwanangu, wewe una hilo andiko? Nisomee."

Alikuwa amelipiga picha kwenye simu. Akasoma. Kichwa kiliandikwa "Asali ya Mwisho ya Mama Evarista". Ndani mama ametangulia mbele za haki, amelala kitandani, amenishika mkono, mimi, Apolonia, na kwa pumzi ya mwisho akaniambia, binti yangu, usiiache mizinga. Halafu chini kabisa: chupa zimebaki chache, wahi yako kabla hazijaisha, hii ndiyo njia ya kumuenzi.

Paswedi alikuwa nayo Didas peke yake, na alikuwa ametumia maneno yangu. Alizijua sentensi zangu fupi fupi, alijua namna ninavyomwita mama, hata wale kuku aliwaweka. Mtu angenivunjia nyumba na kuiba, ningemtukana nikamaliza. Huyu alivaa sauti yangu, akaenda nayo kwa watu walionifungulia mlango.

"Nilimlilia mama yako," Mwalimu Faustina akasema, macho chini. "Nilimlilia kuliko nilivyomlilia wangu. Wa kwangu nilikuwa na mambo ya kusimamia, sikupata nafasi ya kulia. Nilipata kwa huyu."

Mama akamsogezea sahani.

Kisha mama akaomba simu. Yangu imekufa, kitochi chake hakina salio, akapewa ya Mama Prachi. Akasimama karibu na banda la kuku, mahali pekee simu inaposhika, akaniambia niweke sauti ya juu.

Didas alipokea kwa sauti nzito, ya mfiwa.

"Shikamoo Mama Prachi. Asante kwa kutufariji. Tunamshukuru Mungu kwa yote."

"Marahaba," mama akasema. "Ni marehemu hapa."

Kuku mmoja akalia.

"Mama?"

"Ndiyo. Nimekula, nimeshiba. Sasa nieleze nilikufa kwa ugonjwa gani, maana hukuandika."

"Mama, ile ni... ile ni matangazo tu, mama. Ni stori. Wewe mwenyewe hata simu ya tachi huna, usingejua. Oda zimemiminika, mama, hatujawahi..."

"Wageni wangu wametoka Mbeya."

"Wamekuja?" Na hapo, nawaapia, sauti yake haikuwa na aibu, ilikuwa na mshangao. "Lakini hao ni watu wa mtandaoni tu!"

Nikampokonya mama simu. Niliyomwambia kaka yangu siku ile siwezi kuyaandika, na mimi huandika mengi. Nilipoishiwa pumzi, akaniambia kwa upole, kama ndiye mwenye akili kati yetu:

"Umemaliza? Haya, sikiliza dada. Rahisi kabisa. Andika kwamba blogu ilidukuliwa. Wadukuzi wa Dar huko, nani atawajua? Mama yuko hai, tunamshukuru Mungu, kila mtu anafurahi. Biashara inabaki."

Na nitasema ukweli uliouma: kwa muda wa kumeza mate nililipima lile neno. Lingefanya kazi. Wasomaji wangu wangeliamini, kwa sababu lingetoka kwangu, na mimi sijawahi kuwadanganya. Hapo ndipo hasira ilinipanda upya, safari hii hadi machoni, kwa sababu niliona alichotaka kukiuza hakikuwa asali.

Nilikata simu.

Wageni walilala kwetu, na Ijumaa nilipanda gari lao hadi Iringa mjini, nikapata intaneti, nikabadilisha paswedi, nikaandika. "Mama yangu hajafa. Blogu haikudukuliwa. Kaka yangu Didas aliandika uongo ili kuuza asali, na paswedi nilimpa mimi. Walioagiza kwa ajili ya lile andiko, oda zenu zimefutwa." Niliweka na picha ya mama ambayo yeye aliipiga marufuku kwa miaka yote, akiwa na koti la kurinia na uso umevimba kwa kuumwa.

Mnajua walivyojibu? Wengine walinitukana, na hao nawaheshimu. Lakini wengi walisema mimi ndiye mdukuzi. "Picha ya zamani hiyo." "Mwacheni Apolonia aomboleze kwa amani, enyi mashetani." Mmoja aliapa alikuwepo mazikoni. Uongo ulikuwa umeandikwa kwa upendo, wakausadiki. Ukweli niliuandika kwa hasira, wakautilia shaka.

Nilimpigia mama, nikamwomba aniruhusu nirudi nimrekodi video, aseme mwenyewe kwamba yuko hai.

"Nijitetee kwamba sijafa?" akasema. "Mimi sina kesi. Asali uza, wanao wasome. Lakini jina langu litoe pale. Jina nilipewa na baba yangu, siyo chambo."

Nikalitoa. Blogu sasa inaitwa Asali ya Idodi, jina ambalo lingeweza kuwa la mtu yeyote. Didas anasema limekaa kibiashara zaidi. Nimemfungia milango yote, ya simu na ya nyumba, na bado maneno yake yananifikia kupitia kwa shangazi.

Mama Prachi bado ananunua. Ananunua kwa kelele, akimsimulia kila mteja alivyokwenda kumzika mtu akapikiwa na marehemu. Kwake imekuwa kichekesho, na namshukuru.

Chini ya chapisho langu jipya, Mwalimu Faustina aliandika mstari mmoja: "Anayeandika ni wewe au kaka yako?"

"Ni mimi, mwalimu," nikajibu.

"Nitajuaje?"

Basi nikafanya nilichokijua. Nilifunga chupa moja ya asali ya msimu ule, ile tuliyokuwa tunakamua alipokuja, nikaenda Mwanjelwa kwa miguu, nikabisha hodi. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza hali ya mama, akaleta chai na kijiko. Akaifungua chupa, akanusa, akaonja, akafumba macho.

"Ni ileile," akasema. "Haijabadilika kitu."

Nilianza kutabasamu. Akakifunga kifuniko, akakikaza vizuri, akanirudishia chupa kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyompa mwenzake rambirambi.

"Ila mimi siwezi tena kuila, Apolonia. Nikiionja nasikia kilio changu."