Lenzi ya Mgiriki

Mke wangu husema nikifa nizikwe na lenzi zangu. Ninazo saba, za zile kamera za zamani ambazo ukichungulia kidirishani unamwona mtu mmoja akiwa wawili. Unazungusha lenzi mpaka wawe mmoja, ndipo unapiga. Nazihifadhi ndani ya kopo la mchele mkavu, maana unyevu wa Bujumbura huotesha ukungu kwenye kioo. Ya saba niliipata mwaka ule wa 1996, Mgiriki mmoja mwenye duka mtaa wa Rohero alipofungasha virago akaniachia. Nzito, nzuri ajabu! Nilitembea nayo kama bwana harusi.

Wiki hiyohiyo Laure aliingia studio kwangu, mtaani Bwiza, na binti yake Carmen wa miaka minne. Kesho yake mtoto angepanda meli kwenda Kigoma na shangazi yake, kukimbia vita. Laure alikuwa anabaki kumuuguza mama yake, asiyeweza kuinuka kitandani.

"Papa Mohamadi, nipige foto ya uso tu," akasema. "Mutoto ni mudogo. Mi naogopa atanisahau."

Ningechukua lenzi yangu ya kila siku, yakaisha. Lakini sifa zilinizidi. Nikafunga ya Mgiriki bila kuijaribu, nikapiga mara tatu, nikawaambia warudi saa tisa.

Majuto ni mjukuu. Niliposafisha picha, hereni za Laure zilionekana hadi mikwaruzo, ila macho na mdomo vilififia. Lenzi ile ilikuwa ya kiwanda kingine, haikupatana na kamera yangu: kidirisha kilipima macho, yenyewe ikashika masikio. Niliona aibu, na uchungu pia. Mtoto angeondoka na hereni badala ya mama.

Waliporudi sikumdanganya.

"Mama Carmen, nimeharibu. Kosa ni langu."

Aliitazama picha, akanirudishia.

"Basi piga tena," akasema. "Jua bado iko."

Nikafunga lenzi ya kila siku. Nikapima hata kwa futi ya fundi cherehani, kutoka kwenye kamera mpaka jichoni pake, ndipo nikapiga. Wakasubiri barazani nikisafisha. Safari hii alitokea pichani mwenyewe, kope kwa kope, na kovu dogo juu ya nyusi. Laure akashusha pumzi, akampa mtoto.

Carmen aliishika kwa mikono miwili. Akaiangalia, akamwangalia mama yake.

"Hii ni yangu," akasema. "Na we, mama, mi utaniangalia wapi?"

Laure akajiziba mdomo. Watu wazima wawili, tangu asubuhi, hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

Nikamsimamisha Carmen juu ya kiti. Mama yake alikuwa akilia waziwazi, lakini ndiye aliyemnyooshea kola na kumwambia atabasamu.