Bendi ya Mgeni Rasmi

Ndoo ya tatu ndiyo iliyomlowesha Rahabu mgongo. Mbili za kwanza alizipandisha alfajiri, njia ikiwa bado kavu. Hii ilikutana na manyunyu, udongo mwekundu umeanza kuteleza, na kila alipokanyaga vibaya maji yalimmwagikia shingoni yakashuka mpaka kiunoni. Mbele yake walipanda wanawake kumi na kitu, nyuma yake wengine, wote vichwa vimenyooka, wote kimya.

Walikuwa wanajaza tenki. Tenki lenyewe jeusi, la lita elfu tano, lilikaa juu ya mnara wa matofali pembeni ya uwanja wa shule ya Kwemlingwa, na chini yake palikuwa na bomba jipya lililopakwa rangi ya buluu siku ya Alhamisi. Pampu ya kuvuta maji kutoka mtoni ilikuwa haijafika. Aliyekuwa anafika ni mgeni rasmi kutoka mkoani, Jumamosi hiyo hiyo, saa nne asubuhi, kuja kulifungua bomba. Kwa hiyo mtendaji wa kata alipitisha tangazo: kila kaya ndoo tatu.

"Ya ngapi hiyo?" aliuliza mzee aliyesimama kwenye ngazi akipokea ndoo.

"Ya tatu. Nimemaliza."

"Usiende mbali, mwanangu. Mtendaji amesema bendi iwe tayari saa tatu na nusu."

"Naenda kubadilisha nguo, baba. Au niimbe hivi nilivyolowa?"

Bendi ilikuwa ya watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyeishi kwa muziki. Hezekia, kiongozi wao na mpiga gitaa, alikuwa fundi redio mwenye miaka hamsini na miwili na kibanda kilichojaa televisheni za watu zisizopona. Twaha, mpiga ngoma, aliendesha bodaboda kati ya Kwemlingwa na Lukozi. Kristian, mtu wa maneno machache, alilinda ghala la mbegu na kupiga gitaa la besi. Rahabu alilima karoti na kabichi kwenye robo eka ya marehemu mumewe. Kila Jumamosi, kuanzia saa tisa alasiri mpaka giza linapoingia, walipiga kwenye baa ya Mama Klara, ng'ambo ya barabara kutoka uwanja wa shule.

Walikuwa na miaka sita pale. Kulikuwa na siku nzuri. Mwaka ule barabara ilipokatika kwa maporomoko, madereva wa malori ya mboga walikwama senta siku tatu, na bendi ikapiga siku zote tatu mpaka vidole vya Hezekia vikachubuka. Watu wazima wenye vitambi walicheza kwenye matope, na Rahabu akajiona kama mtu aliyezaliwa upya. Kulikuwa na siku mbaya, nazo zilikuwa nyingi zaidi. Umeme kukatika katikati ya wimbo. Mlevi kumpokonya kipaza sauti amwimbie mke aliyemkimbia. Spika moja kuungua, ya pili kuanza kukwaruza, mpaka ikabidi aimbe kwa kupasua koo ndipo asikike meza ya mwisho. Wazee wa usharika walimsimamisha kwaya, wakisema sauti haiwezi kumtumikia Mungu Jumapili ikiwa imeshindia baa Jumamosi. Alilia wiki nzima. Jumamosi iliyofuata akaenda kuimba.

Wimbo uliowapa jina ulikuwa wa Kishambaa, aliutunga yeye. Ndani yake kabichi inazungumza. Imekaa kando ya barabara inasubiri lori, magari ya wakubwa yanapita, kila moja linaiachia vumbi, mpaka kabichi inazeeka, inaota ndevu, inaanza kuitwa babu na kuamua ugomvi wa watu. Baa nzima ilikuwa inacheka mpaka machozi. Kisha, karibu na mwisho, walikuwa wanaacha kucheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kabichi yake iliyooza mahali.

Mtendaji, Bwana Abubakari, aliukataza wimbo huo mwaka jana. Alisema unawavunja moyo wananchi. Yeye ndiye aliyekuwa akisaini kibali cha muziki cha baa, kila mwezi upya, kwa hiyo walikuwa wanauimba siku asipokuwepo senta.

Saa tatu na nusu Rahabu alirudi uwanjani amevaa gauni la kijani na sweta juu yake. Hezekia alikuwa anaunganisha waya chini ya turubai dogo lililovuja pembe moja.

"Shikamoo, kaka Hezekia."

"Marahaba. Shika hii." Alimpa karatasi iliyopigwa chapa. "Mtendaji ameleta. Haya ndiyo ya kuimba."

Rahabu aliisoma. Jina la mgeni rasmi lilikuwemo mara nne. Halafu barabara. Halafu madarasa. Halafu: maji safi na salama, wananchi wametuliwa ndoo kichwani.

"Kaka, hii umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Nywele zangu bado zinachuruzika."

"Rahabu, mdogo wangu, ni wimbo mmoja. Tunaimba, tunakunja, saa tisa tuko kwa Klara. Ukikataa hapa, mwezi ujao kibali hakuna. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alikunja karatasi akaitia mfukoni mwa sweta.

Saa nne ilipita. Saa tano ikapita. Ukungu ulishuka kutoka msitu wa Shume ukafunika mnara wa tenki, ukapanda, ukashuka tena. Wanafunzi walisimama mistari miwili na bendera za karatasi zilizokuwa zimelainika kama ugali. Wanawake walikaa kwenye nyasi na ndoo zao tupu, kwa kuwa waliambiwa wasiondoke. Lazima uwanja ujae. Kila saa moja mtendaji alikuja na simu mkononi kusema msafara umeshatoka Lushoto.

"Kutoka Lushoto ni saa ngapi kufika hapa?" Twaha alinong'ona. "Hata kwa punda wangekuwa wamefika."

Saa nane Mama Klara alivuka barabara na mwavuli wake mwekundu. Alikuwa mwanamke mnene, wa haraka, ambaye hakupenda kusema jambo mara mbili.

"Hezekia, wateja wangu wa Lukozi wameanza kushuka. Mnakuja au hamji?"

"Mama, tumezuiwa. Vyombo vimeshafungwa hapa. Tukiondoka mtendaji atatufanyia visa."

"Mtendaji atawafanyia ninyi. Mimi wateja wataniambia nini? Wiki iliyopita spika yenu ilipokwaruza niliwafunga midomo kwa soda." Alimtazama Rahabu, akalainika kidogo. "Mwanangu, mimi ninawapenda. Lakini yule kijana anayepiga muziki wa laptopu amekaa pale tangu asubuhi. Anasubiri neno langu tu."

"Mpaka saa tisa, Mama," Rahabu alisema. "Tupe mpaka saa tisa."

"Saa tisa," Klara alisema, akavuka barabara.

Hezekia alimfuata mtendaji kumwomba ruhusa. Waende wakapige kidogo, mgeni akionekana kwenye kona watarudi mbio. Rahabu aliwaona kwa mbali, Hezekia ameshika kofia mkononi, mtendaji anatikisa kichwa. Hezekia alirudi. Alikaa juu ya spika akaanza kukaza nyuzi zilizokuwa zimekazwa tayari.

Saa tisa na dakika chache muziki ulianza ng'ambo ya barabara. Besi yake ilikuwa nzito, safi, haina mkwaruzo hata kidogo. Kristian alilala chali kwenye nyasi akafunika uso kwa kofia. Twaha alikwenda kuchungulia, akarudi mikono mfukoni.

"Wamejaa," alisema. "Wanacheza mpaka nje."

"Klara amesemaje?"

Twaha aliangalia pembeni. "Kasema nisiwaambie leo. Jumamosi zote amempa yeye. Eti laptopu haiitwi kupokea wageni."

Hakuna aliyemlaumu Klara. Hilo ndilo lililomuuma Rahabu kuliko yote, kwamba hakumpata wa kumkasirikia. Alitazama mikono yake. Miaka sita. Alikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo mtu alinyamaza ili amsikilize, na mahali hapo pameondoka yeye akiwa amekaa mita mia mbili tu, amevaa gauni lake la kuimbia, akisubiri magari.

Magari tisa yalifika saa kumi kasorobo, taa zikiwaka. Mgeni rasmi alishuka, mtu mrefu mchangamfu mwenye koti zuri la mvua. Alisalimia kwa neno moja la Kishambaa alilofundishwa njiani, akalikosea, watu wakaitikia kwa heshima. Alihutubia kifupi kwa sababu alikuwa amechelewa. Kisha akaenda kwenye bomba, akakata utepe, akazungusha koki. Maji yakatoka kwa nguvu yakamrukia viatu. Watu wa msafara wakapiga makofi. Mgeni akakinga kiganja, akanywa.

"Matamu!" alisema kwenye kipaza sauti. "Akina mama, ndoo kichwani sasa basi!"

Akina mama walipiga makofi, wengine wakiwa wamekalia ndoo.

"Bendi!" mtendaji aliita. "Bendi, haraka!"

Hezekia alianza kwa mtindo wa taratibu waliokubaliana. Rahabu alifungua karatasi. Aliimba jina la mgeni. Aliimba barabara, aliimba madarasa. Sauti ilitoka kavu, kama mtu anayesoma orodha ya waliofeli. Alipofika kwenye mstari wa maji alinyamaza. Gitaa lilizunguka likamrudia, likimpa nafasi. Hakuingia. Likazunguka tena. Hezekia alimgeukia, macho yamemtoka.

Rahabu alisogea karibu na kipaza sauti, akaanza kuguna, bila maneno, tuni ya kabichi.

Hezekia alimtazama mtendaji. Alimtazama Rahabu. Twaha ndiye aliyemfuata wa kwanza, kwa fimbo moja tu kwenye ukingo wa ngoma, halafu Kristian, na mwisho kabisa, kama mtu anayeruka mtaro usiku, Hezekia akabadilisha.

Aliimba kwa Kishambaa. Kabichi ikakaa kando ya barabara. Mkubwa akapita, vumbi. Mkubwa akapita, vumbi. Kwenye nyasi wanawake waliinamisha nyuso, mabega yao yakatikisika. Mgeni rasmi aliona watu wanafurahi, naye akaanza kutikisa mabega. Rahabu aliimaliza kabichi, lakini hakuacha. Maneno mengine yalikuja yenyewe, hakuwa ameyatunga mahali. Maji haya nayajua, aliimba. Nayajua kwa jina. Yamepanda mlima leo asubuhi kichwani mwangu. Yamenilowesha mgongo. Baba, unakunywa jasho langu, unasema matamu.

Kicheko kilikatika. Uwanja ulinyamaza kiasi kwamba muziki wa ng'ambo ya barabara ulisikika. Kisha bibi mmoja nyuma alipiga kigelegele, kirefu, chembamba, na wanawake wote wakaitikia kiitikio kwa pamoja wakipiga ndoo kama ngoma.

"Safi sana!" Mgeni rasmi alikuwa anacheza. Aliinama kwa mtendaji. "Wanasema nini?"

Rahabu alikuwa hatua tatu kutoka kwao. Alimwona Bwana Abubakari akimtupia jicho, kisha akimgeukia mgeni.

"Wanashukuru, Mheshimiwa," alisema. "Kwa maji."

"Warudie! Rudieni, rudieni!"

Wakarudia. Mara hii Rahabu aliimba akimtazama mtendaji usoni kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho, na mtendaji, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa anapiga makofi, alipiga makofi.

Msafara ulipokuwa unapanda magari, mtendaji alikuja chini ya turubai. Hakupaza sauti.

"Mnataka kuniua?" alisema. "Pampu nimeiomba mara tatu. Barua zake ninazo ofisini, njooni muone. Wakaniambia ziara haisubiri pampu. Ningefanyaje?"

"Ungesema hivyo, Mtendaji," Rahabu alisema.

"Kwa nani? Wewe una robo eka yako, utarudi kulima. Mimi nikitolewa hapa sina pa kwenda. Kibali cha muziki msahau. Wewe, na huyu, na huyu."

"Cha wapi?" aliuliza Twaha. "Baa yenyewe hatuna tena."

Kabla mtendaji hajajibu, kijana wa suti kutoka kwenye msafara alifika mbio na daftari, akiruka madimbwi.

"Nyinyi ndio bendi? Mheshimiwa amewakubali sana. Jumatano ana ziara Mnazi, anataka muwepo. Na ule ule wimbo wa asili. Mtendaji, hakikisha wanafika."

"Ndiyo, mkuu."

"Kuna malipo?" aliuliza Hezekia.

Kijana alishangaa. "Kutakuwa na soda," alisema, akakimbia kurudi kwenye gari.

Magari tisa yaliondoka. Wanawake walipanga foleni kwenye bomba, kila mmoja akitaka kurudisha zake tatu kabla tenki halijaisha. Mtendaji alibaki amesimama, simu mkononi, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Mtaenda," alisema mwishowe. Haikujulikana kama anaamuru au anaomba. "Nitawatafutia gari la mboga. Mtaenda, mtaimba hivyo hivyo mlivyoimba."

"Tutaenda," Rahabu alisema. Alikuwa anavua sweta, analikamua. "Lakini Mnazi ni tambarare, Mtendaji. Kule kuna watu wa kila kabila. Kishambaa si wote wanaokisikia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kule tutauimba kwa Kiswahili."