Kosa Katika Wasifu wa Mwalimu

Mjomba alikuwa ameuandika wasifu kwa kompyuta, kurasa mbili, herufi nzito kila alipotaka watu washtuke, kisha akautia kwenye jalada la plastiki kana kwamba marehemu alikuwa anaomba kazi.

"Usome kama ulivyo," alimwambia mpwa wake mlangoni mwa ukumbi wa shule. "Usiongeze, usipunguze."

Mpwa mtu, fundi cherehani wa miaka thelathini na miwili, aliupokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekwisha kuusoma jana yake akiwa kwenye mashine, akashona mkono wa gauni nje ndani kwa ghadhabu. Mstari mmoja ulikuwa umemkaa kooni tangu hapo: *Alipanda ngazi hadi akawa Mwalimu Mkuu wa shule hii.* Uongo mtupu. Babu yake alifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minane, akastaafu na kikohozi cha chaki na saa ya ukutani iliyochelewa tangu siku ya kwanza. Ukuu hakuwahi kuuonja.

"Mjomba, hapa pa mwalimu mkuu..."

"Hapo ndipo usiguse kabisa." Mjomba alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Walimruka mara tatu, unajua? Vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kushika kalamu walipewa ukuu wakarudi kumwamuru. Wewe ulikuwa mtoto, mimi nilikuwa mtu mzima, niliiona ile aibu kwa macho yangu. Leo watakuja wakubwa. Baba apate hicho cheo angalau akiwa kaburini. Nisitiri, mama."

Hapo ndipo alipommaliza. Mjomba huyu hakuwa mtu wa kubembeleza. Ndiye aliyemwogesha mzee miezi ile ya mwisho, ndiye aliyekuwa akimlisha uji kijiko kwa kijiko huku akigombezwa kwamba anashika kijiko vibaya. Na hakuwahi kumwomba mpwa wake kitu chochote hadi leo. Angemkataliaje? Lakini angewezaje kumsemea uongo mzee naye, mzee aliyemlea tangu ana miaka miwili, mama yake alipofariki? Aliyemsuka nywele mwenyewe, mistari ikienda kombo kama njia ya mbuzi, kisha akamsifia mbele ya kioo bila haya? Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na wa kumwachia, alikwenda naye darasani kila siku akamkalisha benchi la nyuma. Mtoto alikaa pale amekunja mikono, amenuna, hata wanafunzi wakambandika jina la Mkaguzi. Jina hilo halijamtoka hadi leo.

Mkaguzi akapiga moyo konde, akaingia.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Tangu mazishi zilikuwa zimepita wiki sita, na tangazo la kumbukumbu lilibandikwa kwenye geti la shule siku nne tu, lakini watu walikuja wakajaa hadi madirishani. Dereva wa lori alikuwa bado na funguo mkononi. Muuguzi alikuwa na sare yake. Hakimu, mwanamke mnene mwenye miwani, alikuwa amebanwa kwenye benchi la watoto, magoti yakimgusa kidevu. Wote walianzia mikononi mwa mzee, na wote walimwita Mwalimu Kosa Moja.

Jina hilo lilikuwa na sababu yake. Kila siku, kabla ya kengele ya mwisho, mzee aliandika ubaoni kosa moja la makusudi. Saba na mbili ni kumi. Ng'ombe ana miguu mitano. Hakusema lolote, alikaa tu akijifanya anafuta miwani. Aliyeliona alinyoosha mkono, akasimama na kusema, "Mwalimu, kosa!" Naye mzee aliuliza, "Liko wapi? Njoo ulifute." Hapakuwa na zawadi nyingine, na hakuna aliyetaka nyingine. Mtoto wa miaka sita kumfutia mwalimu ubao mbele ya wenzake, atake nini tena duniani?

Mkaguzi alisoma ukurasa wa kwanza bila shida. Akafungua wa pili. Mjomba, mstari wa mbele, tai imembana, alimtikisia kichwa taratibu kumhimiza.

"Alipanda ngazi," alisoma, "hadi akawa Mwalimu Mkuu wa shule hii."

Mkono ukanyooka nyuma. Ulikuwa wa dereva wa lori, funguo zikining'inia. Pengine hata yeye hakujua kama ameunyoosha.

"Samahani jamani," alisema huku akisimama. "Kosa!"

Watu wakacheka, kile kicheko cha kushtukia. Kisha mkono wa muuguzi ukapanda. Wa hakimu ukapanda, na miwani ikamwanguka. Kufumba na kufumbua ukumbi mzima ulikuwa mikono juu, watu wazima na mvi zao, wengine wakipiga vidole kama walivyokatazwa miaka yote ile.

Mjomba alikuwa ameinamisha uso. Mkaguzi alimtazama, na moyo ukamuuma sawasawa. Angeweza kujifanya hamnazo, asome mstari unaofuata, mikono ingeshuka tu. Lakini alikuwa amekaa benchi la nyuma la darasa lile miaka minne, na alijua mzee hakuwahi hata siku moja kuupita mkono ulionyooshwa.

"Liko wapi?" aliuliza.

Aliyejibu hakuwa dereva. Alikuwa bibi mmoja mwembamba pembeni, karani wa shule wa zamani, ambaye alinyanyuka kwa mkongojo wake na kukataa kushikwa.

"Hakuwa mwalimu mkuu," alisema. "Na najua hivyo kuliko ninyi nyote, maana barua nilizipiga chapa mimi kwa vidole hivi. Aliletewa ukuu mara tatu. Mara tatu aliukataa."

Mjomba aliinua kichwa.

"Mara mbili za kwanza walikuwa wanampeleka shule za mbali. Akaniambia, andika hivi: nina mtoto mdogo, mama yake hayupo, amezoea hapa, simhamishi. Basi. Ya tatu ikaja, ukuu wa shule hii hii. Nikasema leo atakubali, ofisi yenyewe ipo hatua ishirini! Akacheka. Akaniambia, mwalimu mkuu haruhusiwi kushika darasa la kwanza, na mwaka huu mjukuu wangu anaingia darasa la kwanza. Nimemsubiri miaka minne. Simwachii mtu."

Mkaguzi alishika meza kwa mikono yote miwili.

"Akaniapisha," bibi aliendelea, sasa machozi yakimtiririka bila yeye kuyajali. "Alisema mtoto akijua atajiona mzigo. Nimefunga mdomo miaka ishirini na sita, na jamani, mimi si mtu wa kufunga mdomo, mnanijua. Leo basi."

Kicheko na kilio vikatoka pamoja. Mkaguzi alilia waziwazi, kamasi na yote, wala hakuona haya. Siku ile ya kwanza ya shule aliikumbuka vizuri: Babu amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi kuwa gumu, amesimama mlangoni, akampa mkono kama mgeni rasmi, akasema, "Karibu, nilidhani hutafika." Kumbe mtu yule alikuwa na furaha kiasi kile, naye akadhani ni mzaha!

Mjomba alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo mpwa wake hakuwahi kuiona, mdomo wazi, macho yamejaa, na aliwageukia watu wote kana kwamba wao ndio walikuwa hawajasikia.

"Hawakumruka," alisema. Kisha kwa sauti kubwa, akipiga kiganja kwa ngumi, "Jamani, hawakumruka baba yangu! Yeye ndiye aliyewakataa!"

Alipanda jukwaani hatua mbili mbili. Aliitoa karatasi kwenye jalada lake la plastiki, akachomoa kalamu mfukoni, akaukata mstari ule wa herufi nzito kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, akaandika mwingine juu yake. Alimrudishia mpwa wake.

"Soma, mama," alisema. "Soma kwa sauti, hata walio nje wasikie."

Mkaguzi alifuta macho kwa kiwiko. "Alikuwa," alisoma, na sauti yake ikajaza ukumbi ule wote, "mwalimu wa darasa la kwanza."

Mabenchi yakakwaruza sakafu. Hakimu alisimama, dereva akasimama, muuguzi, wa madirishani wakajinyoosha, na bibi karani akauegemeza mkongojo ukutani ili asimame vizuri. Mikono ubavuni, vifua mbele. Mkaguzi aliwaomba waketi. Hakuna aliyeketi. Akausoma wasifu uliobaki, hadi neno la mwisho, wakiwa wamesimama.