Bodi ya Saba

Baba alikuwa amebakiza kosa moja. Nilimwambia mwenyewe, mezani, bila kupandisha sauti: ukikosea tena, Baba, unaenda kukaa Gatuanyaga kwa ndugu yako Ayub, na mbuzi wake na vumbi lake. Kosa la kwanza, aliacha stovu ya mafuta ikiwaka tukaenda harusini. La pili, alimsalimia jirani yetu Ngendo kwa jina la marehemu mama. "Umeamkaje, Safaa?" Ngendo akaja kuniambia kwa sauti ya matanga. Mimi si mtu mbaya. Lakini hapo nyumbani Kamenu, Thika, tulikuwa wawili tu, na sikutaka kurudi siku moja nikute majivu.

Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa. Mwaka huo wa tisini na tisa taipureta yangu ilishachoka, na wanafunzi walioniletea kazi zao walianza kuuliza, Nadira, huna kompyuta? Nikaamua kuunda yangu. Nasema kuunda kwa sababu Waweru, fundi wa kompyuta kule Mwiki, Ruiru, aliniapia kwamba ukinunua iliyofungwa tayari unauziwa sanduku zuri lenye matumbo mabaya. Kasha, skrini na kibodi alikuwa navyo. Vilibaki vitu viwili, mathabodi, ile bodi kubwa ya ndani, na prosesa inayochomekwa juu yake, na hivyo viwili, alisema, lazima vijuane.

"Kuna bodi ya wan na kuna ya seven," alinieleza, akinionyesha kwa vidole. "Ya seven iko na kitanda cha mashimo. Prosesa yake ni bapa kama biskuti, miguu iko chini. Ya wan iko na mfereji, prosesa yake inasimama wima kama kaseti. Ukichanganya, si ati itafanya kazi polepole. Haiingii."

"Sasa mimi nichague gani?"

"Ya wan ndiyo ya kisasa. Kesho ukitaka nguvu zaidi, utaongeza. Ya seven iko karibu kustaafu, lakini kwa kupiga chapa tu itakusukuma miaka. Shida ni kupata prosesa safi. Kuna ofisi Nairobi inabadilisha mashine, wacha nione watanipa gani. Nitakupigia simu niseme wan ama seven. Wewe ununue bodi ya kuifuata."

Roho yangu ilitaka ya wan, sitaficha. Hapo Thika nilijua duka moja tu lenye bodi, la Ndambuki. Alikuwa na moja ya kila aina, kwenye rafu chini ya kibao kilichoandikwa MALI IKIUZWA HAIRUDI.

Waweru alipiga simu Jumatano, mimi nikiwa nimepeleka kazi mjini. Baba ndiye aliyeipokea. Nikamwamini, kwa sababu kupokea maneno ya watu na kuyaandika ndiyo ilikuwa kazi yake. Miaka thelathini na moja alikuwa mtunza saa katika kiwanda cha nguo. Wakubwa walimtajia saa za shifti kwa Kiingereza, yeye anaziandika kwa chaki ubaoni kwa Kiswahili, wafanyakazi wanasoma. Hakuna mtu aliyewahi kukosa shifti kwa sababu ya mkono wa Mzee Mahir. Basi nilikuta karatasi mezani, mwandiko umenyooka: *Waweru amepata. Ununue ya saba.*

Nikasikitika kidogo, halafu nikaenda dukani.

"Ya saba?" Ndambuki akauliza.

"Seven, ndiyo."

Akanifungia kwa gazeti.

Ijumaa nikaipeleka Ruiru. Waweru alifungua droo akatoa prosesa aliyoipata. Ilikuwa ndefu. Akaisimamisha wima juu ya meza. Kisha akafungua gazeti langu, akatazama bodi, akanitazama mimi.

"Nadira, umeniletea nini?"

"Ya seven. Si ulisema seven?"

"Ngai! Nilimwambia mzee wan. Nikasema mara mbili. Hata yeye mwenyewe akanirudishia: wan."

"Aliandika saba."

"Woi," Waweru akasema polepole. "Woi, mzee." Ilikuwa huruma ile ile ya Ngendo, na iliniuma kuliko hasara.

Nilifika nyumbani nimechemka. Baba alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe.

"Baba, Waweru alikwambia nini kwenye simu?"

"Alisema ununue ya wan."

"Na wewe ukaandika nini?"

"Saba."

"Unajisikia lakini?"

"Najisikia. Wan ni saba," akasema, akatupa kijiwe nje.

Alivyosema vile, ametulia kabisa, niliogopa. Na mimi nikiogopa hugomba. Nikagomba. Nikamwambia hilo ni la tatu, kesho asubuhi safari. Hakubishana. Alimaliza maharagwe yake, akaosha mikono, akaanza kukunja nguo zake mwenyewe, na juu kabisa akaweka koti lake la kiwanda. Nilitamani anitukane.

Jumamosi tukaenda stendi. Nilimbebea begi mpaka kwenye gari la Gatuanyaga, halafu akalichukua mwenyewe. Nikamuuliza makanga gari linatoka saa ngapi.

"Ten kamili, madam."

Baba hakusikia vizuri kwa kelele. Nikamgeukia, nikamwambia kwa sauti, "Saa nne kamili, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, akatazama saa yake ya mkono.

Nani ameniambia nne? Nimeambiwa ten. Ulimi wangu wenyewe umegeuza bila kuniomba ruhusa, kama unavyogeuza kila siku ya Mungu. Ten ni nne. Wan ni saba. Mzee wa watu alipewa wan akaipokea kama alivyozipokea wan zote za miaka thelathini na moja, na hakuna aliyemwambia kwamba safari hii si saa.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Baba, hukukosea."

"Si nilikwambia?"

"Nisamehe. Aki ya Mungu, nisamehe."

Nikashika mpini wa begi. Makanga akauliza kama tunaingia ama hatuingii, nikamwambia atuachie nafasi tupite. Tukaanza kurudi Kamenu kuchukua ile bodi, twende tukambembeleze Ndambuki pamoja, na kibao chake.

"Stovu niliiacha ikiwaka kweli," Baba akasema tukiwa njiani. "Hilo ni langu."

"Hilo lako."

Tukaenda hatua kadhaa. Nilitaka na lile la pili liishe, lisibaki kati yetu.

"Na ile siku ulimwita Ngendo Safaa?"

Alinyoosha mkono tukashika mpini wa begi wote wawili.

"Siku hiyo nilikuwa nimemkumbuka mama yako tangu alfajiri," akasema. "Wewe ndiye uliyeandika kwamba nimesahau."