Gari Lililoombewa Dua

Gari lilizimika kwenye kona ya tatu ya mlima wa Kyzyl-Bel, katikati ya kupanda, bila kukohoa wala kutetemeka. Taa za dashibodi zilififia zote kwa pamoja, hita ikanyamaza, na Kanyshai akausikia upepo huko nje kana kwamba ulikuwa hapo muda wote ukingoja zamu yake.

Aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo. Mimba ilikuwa ya miezi minane, na mtoto alikuwa amekaa vibaya, matako chini. Daktari wa Naryn, waliyetoka kwake muda si mrefu, alikuwa amemwambia bila kupamba: "Uchungu ukianza usisubiri kijijini. Njoo hapa, hapo hapo." Na kutoka kijijini mpaka Naryn njia ni hiyo moja, na mlima ndio huo.

"Ni baridi tu," alisema Mirlan, mumewe. Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena. "Baridi tu, mke wangu. Watu wenyewe wanaganda, sembuse chuma."

Magari mengine yaliwapita yakipanda, yenye kutu na moshi mweusi, kana kwamba hayajasikia habari za baridi. Gari lao lilikuwa jipya kabisa. Mirlan alilinunua vuli iliyopita, aliporudi kutoka kwenye kazi za ujenzi Urusi, na viti vyake bado vilikuwa na nailoni za kiwandani zilizopiga kelele kila mtu alipojisogeza. Mara mbili lilikuwa limerudishwa dukani Bishkek kutengenezwa. Mara mbili mafundi walisema limepona.

Alitaka kusema: gari hili ni bovu. Maneno yalifika mpaka kwenye meno, yakakwama hapo. Siku lilipoletwa, baba mkwe alichinja kondoo, akainua viganja, akaomba dua ndefu huku ndevu zikilowa machozi. Majirani wakaja na vitambaa na peremende, zawadi ambazo kwa desturi hutolewa na anayeona kitu kipya kwa mara ya kwanza. Na kitu kilichoombewa dua hakisemwi vibaya. Kuliita bovu kungekuwa sawa na kuipasua dua ya mzee mbele ya uso wake.

Lori la makaa ya mawe likasimama kando yao. Dereva wake, mwenye kofia ya manyoya na meno ya dhahabu, akachungulia.

"Salamu, bwana harusi! Mmesimama kupiga picha?"

"Limezimika kidogo," alisema Mirlan.

"Kidogo! Hata maiti huwa amelala kidogo." Kisha yule dereva akaliona tumbo la Kanyshai, akafunga mdomo, akaenda kuleta kamba bila kuombwa. Alipokuwa akiifunga ndipo ulimi ulipomrudia. "Dada, kaza mkanda. Nimevuta ng'ombe aliyezama, nimevuta trekta, nimevuta shemeji yangu mlevi. Gari lenye televisheni ndani, leo ndiyo mara ya kwanza."

Aliwavuta mpaka upande wa pili. Kijiji kilipoonekana bondeni, Mirlan akafungua mlango kidogo, akatoa mkono kumsimamisha.

"Tufungue hapa, kaka. Kuanzia hapa ni mteremko, tutaingia wenyewe."

"Breki bila injini ni nzito kama jiwe, unajua?"

"Najua."

Dereva alimtazama, akaelewa kwamba hataki kuonekana akivutwa, akafungua kamba. Wakateremka hivyo hivyo, injini imekufa, Mirlan amekakamaa kwenye usukani, Kanyshai akibonyeza sakafu kwa miguu kana kwamba breki iko upande wake. Jirani yao Burul alikuwa akifagia theluji langoni. Gari jeupe lilipompita taratibu, lisitoe hata mnong'ono, alishika mdomo kwa mshangao.

"Jamani, gari la kisasa hilo! Halisikiki kabisa! La mume wangu likiwashwa, kuku hawatagi siku nzima!"

Mirlan akampungia mkono. Kanyshai akashusha kitambaa chake usoni.

Siku zilizofuata hofu haikumwacha. Duka la Bishkek lilikuwa limesema waziwazi: kwa kuwa gari limeharibika mara ya tatu, walilete, wachague jingine. Ilibaki kumwambia mzee tu.

"Nimwambie nini baba?" Mirlan alinong'ona, akimkanda miguu iliyovimba. "Kwamba dua yake imegoma?"

"Mwambie gari limegoma."

"Ni kitu kimoja, Kanyshai."

"Na mtoto?"

Mirlan aliinamisha kichwa. "Likiwaka siku hiyo moja tu, inatosha."

"Na lisipowaka?"

Aliendelea kukanda.

La ajabu ni kwamba kuna asubuhi liliwaka. Hilo ndilo lililomchosha zaidi Kanyshai, kwamba hakuweza hata kukata tamaa vizuri. Kila alfajiri alisimama jikoni na birika mkononi, amepumua nusu, akisikiliza uani. Likinguruma, alimimina maji. Lisiponguruma, alisahau kilichomleta jikoni.

Ijumaa mchana, familia ilikaa kunywa chai. Baba mkwe alikuwa mahali pake, mkabala na mlango, na mama mkwe kando yake. Kanyshai alikaa karibu na birika kama mke wa nyumba hiyo anavyokaa. Chai alijua kuimimina tangu utotoni: kidogo tu chini ya kibakuli, mtu anywe, arudishe, amiminiwe tena, na tena. Kidogo maana yake kaa, tuko nawe. Kibakuli kilichojaa maana yake kunywa uondoke.

Uani Mirlan alikuwa akijaribu kuwasha gari. Kanyshai alikisikiliza kile kimya. Alikisikiliza kikirudia, mara ya pili, ya tatu, na mkono wake ukaendelea kumimina. Chai ilifika ukingoni, ikamwagikia kitambaa cha meza. Naye, macho yakiwa dirishani, akakiinua kibakuli kile kwa mikono miwili na kumpa baba mkwe wake.

"Yarabi toba," alisema mama mkwe.

Mzee alikitazama kibakuli. Kisha akamtazama Kanyshai.

"Binti yangu, nimezaliwa katika nyumba hii. Leo unanifukuza?"

Damu ilimpanda Kanyshai usoni. Tangu aolewe hakuwahi kumwambia mzee huyu sentensi ndefu kuliko "karibu chakula." Alifungua mdomo aombe radhi, na kilichotoka hakikuwa radhi.

"Gari ni bovu, baba." Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka. "Linazimika mlimani. Tulivutwa na lori. Siku ile tuliteremka injini ikiwa imekufa. Daktari amesema nisijifungulie hapa, mtoto amekaa vibaya, na mimi kila siku naogopa, baba, naogopa mpaka nasahau chai."

Mirlan alikuwa amesimama mlangoni, theluji kwenye viatu. "Kanyshai!"

Mzee akainua kiganja kumnyamazisha. Akakipokea kile kibakuli kilichojaa, mvuke wa chai ukimpanda ndevuni.

"Unadhani nani huliwasha asubuhi?" akauliza hatimaye.

Akajigusa kifua.

"Mimi. Mimi na mama yenu. Kabla hamjaamka tunasukuma sinia la makaa chini ya injini, tunalifunika na blanketi la sufu kama ndama mgonjwa. Mama yenu anashika tochi na kunitukana."

"Simtukani, namshauri," alisema mama mkwe.

"Nilidhani kasoro ni ya dua yangu," mzee aliendelea, na sauti yake ikawa ndogo. "Siku ile nilikuwa na njaa. Nyama ilikuwa inanukia. Nikaikatisha mwishoni. Nikasema basi, mzee mlafi, ndicho ulichowaletea wanao."

Mirlan alichuchumaa pale pale kizingitini, akafunika uso kwa mikono. Mabega yalimtikisika, na Kanyshai hakujua kama analia au anacheka.

"Inuka," alisema baba yake. "Dua sikukiombea chuma. Niliwaombea watakaokaa ndani. Farasi akizoea kujikwaa kwenye genge hufanywaje?"

"Anauzwa," alisema Mirlan.

"Na sisi tunabaki na nini?"

"Hatamu, ili baraka isitoke nyumbani. Lakini baba, gari halina hatamu."

"Mtalitafutia."

Mama mkwe alishavaa buti. Alitoka, akarudi na zulia dogo la mpira lililokuwa sakafuni mbele ya kiti cha abiria, akalikung'uta theluji. "Hatamu hii hapa. Na zile nailoni waachieni wenye duka, zinatupigia kelele."

Mirlan aliondoka kesho yake kwenda Bishkek, gari jeupe likiwa juu ya lori. Theluji ikaanguka nyuma yake, njia ikafungwa, simu yake ikawa haipatikani. Kanyshai aliumwa mgongo, akajiambia ni kukaa sana. Ukamuuma tena, akajiambia ni kusimama sana. Mama mkwe alimtazama bila kusema, akapanga nguo za mtoto kwenye mfuko karibu na mlango.

Jioni ya pili bonde lilijaa ngurumo. Gari refu la kijani kibichi likapinda langoni, Mirlan kwenye usukani, mlango mmoja una rangi tofauti, kioo cha mbele kina ufa.

Mzee alilizunguka, akapiga teke tairi. "Limezeeka."

"Limemaliza majira ya baridi mengi kuliko leseni yangu, baba. Magurudumu yote manne yanavuta. Lilikuwa la daktari wa mifugo, aliliacha pale dukani."

"Ndiyo maana linanuka kondoo," alisema mama mkwe akilitandika lile zulia mbele.

Mzee akainua viganja. "Liwake," alisema. Wote wakajipangusa nyuso. Dua ndiyo ilikuwa hiyo.

Uchungu ulianza asubuhi ambayo mate yaliganda kabla ya kugusa chini. Kanyshai alikaa kibaoni akivishwa buti na mama mkwe, akisikiliza. Ufunguo ulizungushwa, gari likaguna, likanyamaza. Likaguna tena, likanyamaza. Alimshika mama mkwe bega. Mara ya tatu uani kukalipuka, madirisha yakatetemeka, na Burul akatoa kichwa nje.

"Nani anachinja ng'ombe huko?"

Wao walikuwa tayari wanatoka langoni.

Walipanda mlima. Kwenye kona kali ya mwisho kabla ya kilele Mirlan aliacha kuzungumza, na kutoka nyuma mkono wa mama mkwe ukabana bega la Kanyshai. Alikandamiza miguu juu ya zulia la mpira. Magurudumu yaliteleza, yakauma, gari likabadilisha sauti, zito, likasogea, kona ikabaki nyuma.

Wakafika kileleni. Kule chini moshi wa Naryn ulisimama wima hewani.

"Pumua sasa, mwanangu," alisema mama mkwe.

Ndipo Kanyshai alipogundua kwamba uchungu ulikuja ukapita, naye pumzi alikuwa ameizuia kwa ajili ya gari. Akapumua. Uchungu mwingine ukaanza kumpanda mgongoni, na safari hii akausikiliza uchungu wenyewe, akiliacha gari lingurume.