Mteja Mpendwa

Kila mara fundi cherehani alipoagiza nyuzi au vifungo kwenye duka moja la mtandaoni, jibu lilikuja kwenye barua pepe ya marehemu mumewe. Nyumba nzima iliitumia hiyohiyo, kwa neno la siri lilelile, na duka lilimsalimu marehemu kwa jina lake kamili. Fundi hakutaka kuibadilisha barua pepe hiyo. Humo ndimo zilimobaki sauti ambazo mumewe alijirekodi enzi za kazi ya mbali, akiwaombea watoto wake walale salama. Hazikuwapo kwingine kokote.

Asubuhi hiyo alikuwa akipinda sketi za shule, wifi yake akaingia na simu, uso umemkunjuka.

"Wifi, mzigo wako ulitaka kurudishwa. Nimekuokoa."

"Mzigo gani tena?"

"Wa duka lako. Wanasema umekwama, tuthibitishe akaunti upesi. Nimebonyeza, nimeandika neno la siri, kazi kwisha. Soda yangu iko wapi?"

Mguu wa fundi ukaganda juu ya pedali. Alichoagiza mara ya mwisho kilishafika, kiko pale mezani.

"Wamekusalimuje?"

"Mteja mpendwa. Watu wana adabu hao."

"Kaka yako hawakumtaja?"

Wifi akatazama simu, akatazama tena. "Hawakumtaja."

Fundi akaipokea. Nembo ya duka ilikuwa ileile, rangi zilezile. Akagusa jina la mtumaji, ikajitokeza anwani ndefu ya herufi na tarakimu zilizorundikana, jina la duka halimo hata kidogo.

"Umewafungulia wezi mlango, wifi."

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Sasa kaa, usiguse kitu."

Hajamaliza, simu yake mwenyewe ikaita. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, usinicheke. Marehemu kaniandikia sasa hivi. Anaomba nimtumie pesa."

"Usitume."

"Nilishangaa, maana hata akiwa hai hakuwahi kuniomba."

"Waambie na ndugu wengine wasitume. Kisha kata, nina kazi."

Wezi walikuwa ndani tayari. Fundi akamwomba Mungu kimoyomoyo huku kidole kikitafuta mahali pa kubadilisha neno la siri la barua pepe. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka kwenye skrini, kikazunguka. Wifi alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Hatimaye neno jipya likakubaliwa. Kwenye orodha ya vifaa vilivyofungua barua pepe hiyo akaona simu moja ambayo si ya mtu yeyote wa nyumba ile, akaiondoa. Akabadilisha na neno la siri la dukani, maana lilikuwa lilelile.

Ndipo akapiga namba iliyochapwa kwenye boksi la nyuzi. Ile ya kwenye ujumbe hakuigusa.

"Si sisi, mama," alisema binti wa dukani. "Tutumie huo ujumbe tuwafuatilie. Na benki umewaambia?"

"Namba ya kadi uliweka?" fundi akamgeukia wifi.

"Sikuweka. Naapa."

Bado hakutulia. Akateremka chini, chini zaidi, kwenye barua za zamani, mpaka akaziona rekodi. Akahesabu kwa macho. Zipo.

"Na hilo neno jipya ni lipi?" wifi akauliza kwa sauti ndogo.

"Hilo ni langu na Mungu."

Akabonyeza moja. Sauti ya marehemu ikajaa chumbani, ikikwaruza kidogo. Wifi alisimama mlangoni, mikono ameificha mgongoni.

"Ongeza kidogo, wifi," akasema. "Mimi sigusi."